Kutafuta na Kupima Habari za Mtandaoni: Tuliyojifunza Darasani

Katika toleo hili tumeona vyema tuwaeleze wasomaji wetu, walimu na wanafunzi, habari za somo dogo tuliloliingiza katika kozi ya mbinu za utafiti hapa idarani kwetu Kampala. Somo lenyewe ni la kutafuta habari katika mtandao wa intaneti na kuzipima kabla ya kuzitumia. Huenda msomaji akajiuliza jambo hilo linaihusu nini idara ya Kiswahili, ilhali wapo wakutubi na wenzetu wa sayansi ya kompyuta. Sisi pia tulikuwa tukisema hivyo, mpaka tulipofikwa.

Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa tatu aliandika tasnifu kuhusu methali za Kiganda na za Kiswahili. Kazi ilikuwa nzuri na lugha yake safi. Katika sura ya pili alikitegemea sana kitabu kimoja, akakitaja kwa jina la mwandishi, mwaka, mchapishaji wa Nairobi na hata nambari za kurasa. Sisi wasimamizi tuliisoma sura hiyo mara mbili tukaipitisha. Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini wa nje, mtu aliyezishughulikia methali kwa miaka mingi, alisema kwa upole kwamba angependa kukiazima kitabu hicho kwa kuwa hajapata kukiona. Mwanafunzi akajibu, "Mwalimu, sina nakala yake, nilikipata kwenye simu."

Alichokipata kwenye simu kilikuwa ni jibu la programu ya akili bandia. Tulikitafuta kitabu hicho katika maktaba yetu, katika orodha ya mchapishaji, na katika WorldCat, katalogi inayounganisha maktaba nyingi za dunia. Hakikuwapo popote, kwa sababu hakikupata kuandikwa. Mwanafunzi alirudishiwa sura nzima aiandike upya, akakosa mahafali ya mwaka ule. Kijijini kwao watu walikuwa wamekwisha kualikwa.

Tunapenda wasomaji waelewe kwamba kijana huyu hakukusudia kudanganya. Aliuliza, akajibiwa kwa Kiswahili fasaha, akaamini. Sisi ndio tuliomfundisha kwa wiki tatu nzima mahali pa kuweka nukta na mabano katika marejeleo, wala hatukumfundisha hata kwa saa moja namna ya kujua kama kitabu kipo. Marejeleo yake, kwa upande wa nukta na mabano, hayakuwa na kosa.

Orodha yetu ya zamani

Si kwamba hatukuwa na chochote. Kwa miaka mingi tuligawa karatasi yenye maswali ya kumsaidia mwanafunzi kuupima ukurasa wa tovuti. Je, una jina la mwandishi? Una tarehe? Anwani yake inaishia kwa herufi za chuo kikuu au za shirika? Lugha yake haina makosa? Umepangwa vizuri? Wanafunzi waliijaza karatasi, wakatia alama za vema, na mara nyingi ukurasa mbovu ulipata alama nyingi kuliko ule mzuri. Mtu anayetaka kupotosha anaweza kuweka jina, tarehe na picha ya nembo bila shida yoyote. Kwa upande mwingine, makala nzuri ya mwalimu mstaafu wa Zanzibar aliyeiandika kwa haraka na kuiacha na makosa ya chapa ilishindwa mtihani huo.

Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwatazama watu 45 wakizipima tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo chao, na wakaguzi 10 wa ukweli wa habari. Wanahistoria na wanafunzi waliusoma ukurasa kuanzia juu hadi chini, wakavutiwa na nembo na majina ya heshima, na wengi wao walipotea. Wakaguzi wa habari hawakufanya hivyo. Walipofika katika ukurasa wasioujua waliutazama kidogo tu, wakafungua dirisha jipya na kwenda kuuliza kwingine: shirika hili ni la nani, nani analilipa, wengine wanasemaje juu yake. Walisoma machache, nao walifikia uamuzi wa haki kwa muda mfupi zaidi.

Tulipousoma utafiti huo tulicheka kidogo, maana ni jambo ambalo bibi zetu wanalijua. Mgeni akija kuposa, humwulizi yeye mwenyewe kama ana tabia njema. Unawauliza majirani zake. Basi karatasi ya maswali tuliitupa, tukaanza upya.

Kutafuta kwa Kiswahili ni kazi ya sarufi

Kabla ya kupima lazima kwanza upate, na hapa ndipo tulipogundua kwamba somo hili ni letu hasa, wala si la watu wa kompyuta.

Mwanafunzi anayetafuta kwa Kiingereza huandika neno, nalo neno hilo hubadilika kidogo tu mwishoni. Injini za utafutaji zimezoea mabadiliko ya aina hiyo. Neno la Kiswahili hubadilika mbele, katikati na nyuma. Anafundisha, tulifundisha, wanaofundishwa, vya kufundishia, ufundishaji, mafundisho, mwanafunzi: kwa mwalimu wa mofolojia haya ni matawi ya mti mmoja, lakini kwa mashine mara nyingi ni maneno mbalimbali. Alama ya nyota, ambayo wanafunzi hudhani inaweza kusimama mahali pa kiambishi, katika Google husimama mahali pa neno zima. Kwa hiyo huwezi kuandika mzizi peke yake ukatarajia kupata neno lenye viambishi.

Dawa tuliyoipata ni rahisi. Tunawaambia wanafunzi wasiandike swali kama wanavyomwuliza mtu, bali waandike maneno kama yatakavyoonekana katika jibu. Mwanafunzi mmoja aliandika "namna ya kufundisha Kiswahili Uganda" akapata matangazo ya walimu wa masomo ya ziada. Alipoandika "ufundishaji wa Kiswahili nchini Uganda" akaanza kupata makala za kitaaluma. Sababu ni kwamba wataalamu wetu huzipa makala zao vichwa vyenye nomino zilizotokana na vitenzi: ufundishaji, ujifunzaji, uhakiki, uchanganuzi, matumizi, dhima, nafasi, mchango, changamoto. Ukiujua mtindo wa vichwa vya makala umepata ufunguo. Baada ya hapo unaweza kuyafunga maneno kwa alama za kunukuu ili yatafutwe yakiwa pamoja, au kuongeza "site:ac.tz" ili upate kurasa za vyuo vya Tanzania tu, au "site:ac.ke" kwa vya Kenya, na "filetype:pdf" ili upate maandishi yaliyohifadhiwa kama kitabu au makala kamili.

Jambo la pili ni istilahi. Sisi tunaosoma Kiswahili tukiwa Uganda tunapokea vitabu kutoka pande zote mbili, na kila upande una maneno yake. Anayetafuta "shule ya sekondari" hataziona kurasa nyingi za Kenya zinazosema "shule ya upili". Kompyuta ni tarakilishi kwa wengine, na kuna waliopata kuiita ngamizi. Simu ya mkononi ni rununu. Kuna mtaala na mtalaa, kuna utendi na utenzi, tamthilia na tamthiliya. Hata hiyo akili bandia iliyotuponza utaikuta pia kwa majina ya akili mnemba na akili unde. Zoezi letu la kwanza darasani sasa halihitaji hata umeme: kila mwanafunzi huandika mada yake juu ya karatasi, kisha chini yake huandika visawe vyote na tahajia zote anazozijua, na jirani yake humwongezea. Tumeona mwanafunzi aliyekuja akisema "mwalimu, hakuna kilichoandikwa juu ya mada yangu" akirudi wiki iliyofuata na makala sita. Makala hizo zilikuwapo siku zote, kwa jina lingine.

Kwa wanaochunguza maneno yenyewe, yaani wanaotaka kuona neno linavyotumika katika sentensi halisi, tunawaelekeza kwenye kongoo la Kiswahili la Helsinki, lililojengwa chini ya Arvi Hurskainen. Toleo lake la pili lina maneno yanayofikia milioni 25, nayo yamechanganuliwa kisarufi, hivyo unaweza kutafuta kwa mzizi na kupata maumbo yote. Kwa makala za kitaaluma zisizodai malipo, jarida la Swahili Forum ni hazina ambayo inasikitisha kuona wanafunzi wengi hawaijui.

Kurasa kumi, shahidi mmoja

Anayetafuta "fasihi simulizi" au "dhana ya lugha" atakutana na kurasa nyingi mno za maandalizi ya mitihani ya kidato cha tatu hadi cha sita. Hatuzidharau kurasa hizo, kwani zimewasaidia wengi kufaulu. Tatizo ni kwamba zinanakiliana. Mwanafunzi huona jambo limeandikwa katika kurasa kumi akasema limethibitishwa na watu kumi.

Zoezi letu ni hili. Chukua sentensi moja ndefu kutoka katika ukurasa, ifunge kwa alama za kunukuu, uitafute. Darasa letu lilipofanya hivyo kwa fasili moja ya fasihi, sentensi ile ile ilijitokeza katika tovuti nyingi, neno kwa neno, na katika zote neno "jamii" lilikuwa limeandikwa kwa i tatu. Wanafunzi waliangua kicheko, lakini somo liliwaingia. Kosa la chapa ni kama chapa ya ng'ombe, linaonyesha zizi alilotoka. Kuanzia siku hiyo wanafunzi walianza kuuliza swali tulilokuwa tukilitaka: nani alilisema jambo hili kwanza?

Ni lini Kiswahili kilikuwa lugha rasmi nchini Uganda?

Swali hilo tunalitumia kama mfano mkubwa wa somo letu, kwa sababu linatuhusu, na kwa sababu majibu yake mtandaoni yanapingana. Tuliligawa darasa katika makundi, kila kundi likatafuta kivyake. Kundi moja lilileta mwaka 1973. La pili lilileta 2005. La tatu, ambalo ndilo lililokuwa na uhakika zaidi, lilileta Julai 2022, na likaonyesha habari za magazeti na vituo vya redio vya nchi kadhaa. Magazeti yote hayo yatakosea vipi?

Tuliwaambia kila kundi lipande mto hadi kwenye chemchemi, yaani lisiishie kwa aliyesimulia bali lifike kwa aliyesema au kwenye hati yenyewe.

Kundi la 1973 lilirudi na jibu kwamba Idi Amin aliitangaza lugha ya Kiswahili mwaka huo kuwa lugha ya taifa. Hapo mwanafunzi mmoja wa isimujamii akawakumbusha wenzake kwamba lugha ya taifa si lazima iwe lugha rasmi. Kiingereza kiliendelea kuwa lugha ya serikali na ya shule. Waliosema "rasmi" walikuwa wametafsiri vibaya, au walikuwa hawaoni tofauti.

Kundi la 2005 liliingia katika tovuti ya ULII, ambayo huweka sheria za Uganda bila malipo, likaisoma Katiba. Katiba ya 1995 iliitaja lugha moja rasmi tu, Kiingereza. Marekebisho ya 2005 yaliongeza katika ibara ya 6 kwamba Kiswahili kitakuwa lugha rasmi ya pili, lakini kitatumika katika hali ambazo Bunge litaziweka kwa sheria. Lile neno "lakini" ni letu, ila masharti yamo. Kundi hilo likasema jibu ni 2005, kwa maandishi.

Kundi la 2022 ndilo lililopata kazi ngumu, na tunakiri kwamba hata baadhi yetu walimu tulikuwa upande wao, maana tulishangilia habari zile zilipotoka. Walipoacha magazeti na kutafuta taarifa ya Baraza la Mawaziri yenyewe, walikuta maneno mengine. Baraza lilikubali kutekelezwa kwa agizo la mkutano wa 21 wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliofanyika Februari 2021, la kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Tena lilipendekeza Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lugha rasmi ya Jumuiya! Neno hilo moja lilidondoka njiani kati ya taarifa na vichwa vya habari, na kichwa cha habari kikipoteza neno, wanaonakili hawalirudishi.

Msomaji ataona kwamba hakuna aliyedanganya hapa. Kila jibu lilikuwa na ukweli ndani yake, ila kila moja lilikuwa limepungukiwa na neno: taifa, kwa sharti, ya Jumuiya. Na tofauti hizo si za mabishano ya darasani tu. Mhitimu wetu mmoja alikwenda kuomba kazi ya ukalimani katika ofisi fulani ya umma akiwa na barua iliyodai kwamba tangu 2022 ofisi hiyo inalazimika kisheria kutumia Kiswahili. Afisa aliyempokea alimwomba amwonyeshe sheria hiyo. Hakuwa nayo. Angelikwenda na ibara ya 6 mkononi pengine wangelizungumza vizuri zaidi.

Wasemaji wangapi?

Swali la pili tunaligusa kwa ufupi, ingawa linaudhi zaidi. Katika insha za wanafunzi wetu tumekuta kwamba Kiswahili kina wasemaji milioni 50, 80, 100, 150 na 200, na katika insha moja tulizikuta mbili kati ya hizo katika ukurasa mmoja. UNESCO, iliyoitangaza mwaka 2021 tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, husema ni zaidi ya milioni 200. Basi tunawaambia wanafunzi wachukue kalamu. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ya Kenya, 2019, ilihesabu 47,564,296. Jumla ni kama milioni 109. Ukiwahesabu wote, pamoja na watoto wachanga na wazee wa vijijini wasiokisema, bado hujafika milioni 110. Ongeza Uganda, ambako sensa ya 2024 ilipata karibu milioni 46, na kila mmoja wetu anajua ni wangapi kati ya hao wanaoweza kuendesha mazungumzo kwa Kiswahili. Ili kufika milioni 200 lazima uhesabu watu wengi sana wa Kongo, nako sensa ya mwisho ilifanyika mwaka 1984.

Hatuwaambii wanafunzi kwamba idadi ya UNESCO ni ya uongo. Tunawaambia waulize msemaji ni nani: aliyezaliwa na lugha, anayeitumia kila siku sokoni, au anayeelewa salamu na bei? Kadirio lenye maelezo ya namna lilivyofanywa, hata likiwa dogo, lina thamani kubwa kuliko idadi kubwa iliyosimama peke yake. Wale wanaopenda lugha hii kama sisi wanapenda pia idadi zake ziwe kubwa, na hapo ndipo tunapopaswa kujihadhari zaidi. Habari inayotufurahisha hatuipimi.

Tofauti ambayo si kosa

Kuna hatari ya upande wa pili. Wanafunzi wakishaonja raha ya kukamata makosa huona makosa kila mahali. Mmoja alituletea kurasa tatu kuhusu ngeli za nomino. Ya kwanza ilikuwa na ngeli za A-WA, U-I, LI-YA na kuendelea. Ya pili ilikuwa na M-WA, M-MI, JI-MA. Ya tatu ilitumia nambari, 1, 2, 3 hadi 18, na kurukaruka njiani. Aliandika kwamba kurasa mbili kati ya hizo haziaminiki.

Ilitubidi tumwonyeshe kwamba zote tatu ni sahihi. Ya kwanza inagawa nomino kwa kutazama upatanisho wa kisarufi katika sentensi, na ndiyo inayotumika katika shule za Kenya. Ya pili inatazama viambishi vya nomino zenyewe. Ya tatu inafuata nambari za wataalamu wa lugha za Kibantu tangu enzi za Bleek na Meinhof, na nambari zinaruka kwa sababu baadhi ya ngeli za Kibantu hazimo katika Kiswahili. Kabla ya kusema huyu kakosea, uliza alikuwa akipima kwa kipimo gani. Swali hili si jepesi, na hatudai kwamba tumefaulu kulifundisha. Kila mwaka tunalirudia.

Wikipedia na akili bandia

Tunaulizwa sana kama tunaikataza Wikipedia. Hatuikatazi. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na ina makala nzuri na makala dhaifu, na baadhi ya hizo dhaifu ni tafsiri za mashine ambazo msomaji wa Kiswahili huzitambua kwa sentensi mbili tu. Tunawafundisha wanafunzi kubofya sehemu ya historia juu ya ukurasa waone nani alibadilisha nini na lini, kisha kushuka chini kwenye marejeleo na kuyafuata. Ni mlango wa kuingilia. Kukaa mlangoni ndilo kosa. Kwa habari za siasa na afya zinazosambaa katika simu, tunawaelekeza pia kwa wakaguzi kama PesaCheck na Africa Check, ili waone kazi hiyo inavyofanywa na wenye ujuzi.

Kuhusu programu za akili bandia, tulibishana sana katika mkutano wa idara. Wengine walitaka zipigwe marufuku. Wengine walisema marufuku hiyo haina askari. Ilitupasa kwanza sisi wenyewe kuelewa kinachotokea. Programu hizo hazifungui kabati la vitabu zinapojibu. Zinatunga sentensi kwa kufuata mazoea ya maneno yaliyokwisha kuandikwa, na kwa kuwa marejeleo nayo yana mazoea yake, jina, mwaka, kichwa, mji, mchapishaji, zinaweza kutunga rejea yenye sura kamili isiyo na kitabu nyuma yake. Kadiri mada ilivyoandikwa kidogo ndivyo hatari inavyozidi, na mada zetu nyingi za Kiswahili zimeandikwa kidogo. Baadhi ya programu sasa hutafuta mtandaoni na kutoa viungo, jambo ambalo ni afadhali, lakini kiungo kinapaswa kufunguliwa. Tumekuta viungo vya kweli vilivyowekwa chini ya maneno ambayo ukurasa wenyewe hauyasemi.

Na hapa kuna kikwazo ambacho walimu wenye intaneti ofisini hukisahau. Kufungua ukurasa ni pesa. Kuanzia Julai 2018 hadi katikati ya 2021 Mganda aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii alilipa kodi ya shilingi 200 kwa siku, na kodi hiyo ilipoondolewa iliwekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya data. Mwanafunzi anayehesabu data yake husoma vile vistari viwili vitatu vya matokeo, au muhtasari unaotungwa na akili bandia juu yake, akaishia hapo. Tulimwita mvivu. Kumbe ana bajeti. Kwa hiyo sasa wanafunzi hufanya kazi hii wawiliwawili wakiwa chuoni, penye mtandao wa chuo, hupakua makala na kuzigawana kwa flashi, na anayekaa mbali na mji hupewa nafasi ya kwanza.

Mwisho wa mabishano yetu tulikubaliana juu ya kanuni moja, na ndiyo inayotumika tangu muhula uliopita. Kila rejea katika tasnifu iandikwe pembeni mahali mwanafunzi alipoiona kwa macho yake: nambari ya rafu katika maktaba, au anwani ya makala na tarehe aliyoifungua, au jina la mwalimu aliyemwazima nakala. Isiyo na maelezo hayo inafutwa, pamoja na hoja inayoitegemea. Kanuni hii inatuhusu na sisi, maana msimamizi anatakiwa kuzifuata rejea tatu kwa bahati nasibu kabla ya kutia sahihi. Ilipopitishwa mmoja wetu aliuliza, nusu kwa mzaha, kama itagusa pia vitini vyetu vya mihadhara. Tulipovikagua tulikuta kitini kimoja, kinachogawiwa kila mwaka, kinachosema kwamba Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Uganda tangu 1973. Kimeondolewa.

Yule mwanafunzi wa methali alirudi baada ya miezi kadhaa na sura mpya. Ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza kwa kurasa tisa. Ilitegemea vitabu vinne vilivyomo katika maktaba yetu, makala mbili za Swahili Forum, na methali alizozikusanya kwa nyanya yake huko Masaka, kila moja ikiwa na tarehe aliyoisikia. Mtahini yule yule wa nje aliomba tena kuazima kitu. Safari hii aliomba nakala ya methali za nyanya.